Oili inapanda kwenye Canter: namna ya kujua dizeli inaingilia wapi

Wiki iliyopita nilikaa na dereva wa Canter ya zamani, injini 4D33, oili inapanda kwenye dipstiki (kile cha kupimia oili) na hajaongeza hata tone. Kashabadilishiwa nozo zote 4, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, gereji nyingine, tatizo liko palepale. Na mimi zamani nilikimbilia nozo hivyohivyo, nikapoteza siku 2, ndo maana naandika.

Kwanza usiiwashe tena. Oili yenye dizeli ni nyepesi, presha inashuka, bearing za kranki zinasagika, na ikijaa sana injini inaweza kuanza kuivuta na kuichoma, hapo ukizima swichi haizimi.

Hatua ya 1: hakikisha ni dizeli. Dondosha tone la dipstiki kwenye gazeti usubiri, dizeli inatambaa nje ya doa jeusi kama pete. Oili ikiwa kama chai ya maziwa hiyo ni maji, kesi nyingine.

Hatua ya 2: nozo. Zipimwe kwenye mashine, sio kwa macho. Inayodondosha inaosha silinda, dizeli inashuka kupita kwenye ringi. Ila nozo mbovu kiasi hicho utaona moshi na injini itamisi, yaani itakosa moto silinda moja. Gari ikivuta vizuri, mimi naruka kwenda 3.

Hatua ya 3: pampu kubwa, inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo. Hapa tulia. Pampu hii yenye plunja 4 (vyuma vinavyosukuma dizeli) mstari mmoja, tumbo lake linalainishwa na oili ya injini, na fidi pampu, ile ndogo ya ubavuni unayopampu kwa mkono kutoa upepo, inasukumwa na kamshafti ya humohumo. Kati ya dizeli na oili kuna kijiti cha chuma kinachocheza kwenye tundu, kikilika dizeli inaingia ndani na nje huoni hata unyevu.

Fungua fidi pampu ubavuni, mpira wa kuingiza dizeli uache umeungwa, njia ya kutokea ziba. Futa upande wa rola, ule unaoingia ndani ya pampu kubwa, uwe mkavu kabisa, ukiacha oili itakuchanganya. Pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu uangalie pembeni ya kijiti. Usipoona kitu usiisafishie jina bado, subiri dakika 10 urudie, ya huyu dereva ilianza kutoa jasho mara ya tatu.

Ikiwa kavu kweli, mulika tochi kwenye tundu ilikotoka fidi pampu, ning'iniza jerikeni ya dizeli juu ya kebini, iunge kwenye pampu kubwa na njia ya rejesho, ya kurudisha dizeli, uzibe. Ikidondoka kutoka juu ni upande wa plunja unavuja, mpelekee fundi wa pampu. Wengine wanatumia kompresa, mimi sikubali, upepo unapita hata pasipopita dizeli.

Fidi pampu nunua nzima, kubadili kijiti peke yake ni kupoteza hela maana tundu nalo limeshalika. Mwaga oili, badilisha na filta, halafu wiki nzima pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa sehemu tambarare.