Usiandike sifuri siku ambayo maziwa hayakupimwa

Wafugaji wengi wanaotunza kumbukumbu za maziwa kwenye lahajedwali wanajua kuandika fomula ya wastani wenye sharti (AVERAGEIF), yaani ile inayotafuta wastani wa mistari inayotimiza sharti fulani tu, kama ya ng'ombe mmoja, na sina haja ya kuirudia hapa. Kinachonisumbua ni kosa linalojitokeza karibu katika kila jedwali ninaloletewa: siku ambayo ng'ombe hakupimwa, iwe mkamuaji alisahau au ndoo ya vipimo haikuwepo, mfugaji hujaza 0 ili nafasi isibaki tupu.

Tuchukue jedwali la ng'ombe wawili kwa siku 30, lenye tarehe katika safu A, namba ya ng'ombe katika safu B na jumla ya lita za siku katika safu C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 61. Ng'ombe namba 4 alipimwa siku 24 akatoa jumla ya lita 288, na siku 6 zilizobaki zikajazwa sifuri. Fomula =AVERAGEIF(B2:B61,4,C2:C61) itagawa 288 kwa 30 na kuleta 9.6, ilhali wastani wake halisi ni lita 12. Namba 7 alipimwa siku zote 30 akatoa lita 300, yaani wastani wa 10. Mfugaji anayetaka kupunguza mifugo atamuuza namba 4, aliye bora, na kubaki na namba 7. Na kama hugawa kilo 1 ya chakula cha ziada kwa kila lita 2, basi kabla hata ya kumuuza atakuwa amempunja kilo 1.2 kila siku.

Seli tupu hairukwi kwa bahati. Fomula hii imeundwa kuiacha nje ya hesabu, lakini sifuri ni namba kama namba nyingine na huhesabiwa. Kwa hiyo siku isiyopimwa iachwe tupu kabisa, na sababu iandikwe katika safu D. Wapo wanaojaza sifuri kwa sababu wameona #DIV/0! wakaogopa, maandishi hayo yanasema tu kwamba hakuna kipimo hata kimoja kinachotimiza sharti, na hiyo ni taarifa ya kweli isiyostahili kufichwa.

Wengine, wakishaonywa, hukimbilia =AVERAGEIFS(C2:C61,B2:B61,4,C2:C61,">0") ili kufuta sifuri zote kwa mkupuo. (Angalieni pia kwamba katika fomula hii safu ya lita hutangulia, wakati katika AVERAGEIF huja mwisho, anayeichanganya hupata upuuzi.) Dawa hiyo ni mbaya sawa na ugonjwa, kwa kuwa ng'ombe aliyekamuliwa asitoe kitu ana sifuri ya kweli, nayo lazima ibaki. Vivyo hivyo, maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayauzwi, lakini hupimwa na lita zake kuandikwa kabla ya kumwagwa; nimeshalisema hili mara nyingi mno.

Pimeni mara baada ya kukamua, povu likishatulia, na kipimo kiandikwe kabla ya ukamuaji unaofuata, kwa maana kinachokumbukwa keshoyake ni kubahatisha. Siku iliyopimwa asubuhi pekee nayo iachwe tupu, kwa sababu nusu ya siku ikiingia katika safu ya jumla hushusha wastani kimyakimya. Andikeni 11.5, si «lita 11.5», kwa kuwa neno likiambatana na namba seli nzima hugeuka maandishi na kurukwa; ikiwa hamjapanga seli kwa namna yenu, namba hukaa upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto.

Kabla ya kusoma wastani wa mwezi, hesabuni sifuri za kila ng'ombe kwa =COUNTIFS(B2:B61,4,C2:C61,0), ambayo haihesabu seli tupu. Ikileta 6, rudini kwenye tarehe hizo moja baada ya nyingine, mkaulize aliyekamua. Zikishafutwa zisizo za kweli, wastani wa namba 4 utasomeka 12.