SOMO: Sarafu imekosewa kiwandani au imeharibikia mtaani?

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike hili kwa kirefu kidogo maana watu wanatapeliwa jamani, mtu anaokota mia imechubuka, anaambiwa hiyo imekosewa kiwandani, ni adimu ina mamilioni ila atoe kwanza hela ya usajili. Usitoe hata shilingi.

Unachohitaji ni lenzi ya kukuzia, sumaku (hata ya spika mbovu), mizani ya sonara kama una mtu wa kukuazima, na sarafu nzima ya aina hiyohiyo ya kulinganishia. Na tafadhali usiisugue na dawa ya meno wala limau, ukishaisugua umefuta ushahidi wote.

Hatua ya 1: jua sarafu inavyozaliwa. Kipande tupu kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma na pete inakizunguka, kinagongwa mara moja kwa nguvu kubwa sana, madini yanatiririka kujaza kila shimo la muhuri. Sasa kosa la kweli lazima uweze kulieleza kwa hilo pigo moja. Kama huwezi, basi kuna nyundo, jiliwa (kile chombo cha fundi cha kubania chuma) au moto umepita baadaye.

Hatua ya 2: imeinuka au imezama? Muhuri ukipata ufa, madini yanaingia kwenye ule ufa, kwa hiyo kwenye sarafu utaona mstari ULIOINUKA. Mkwaruzo wa mtaani unazama, na ukiangalia na lenzi pembeni yake kuna kituta kidogo cha madini yaliyosukumwa, kama udongo pembeni ya mfereji wa jembe. Hapo tu unamaliza nusu ya kesi.

Hatua ya 3: sarafu iliyomegwa. Hii ndiyo wanaigiza sana, wanakata na gilinda halafu wanalainisha. Iliyomegwa kiwandani ilimegwa kabla ya kugongwa, kwa hiyo herufi za karibu na pengo zinavutika kuelekea pengoni, na mara nyingi ukingo wa upande wa PILI, mkabala kabisa na pengo, unakuwa hafifu. Iliyokatwa baadaye herufi zinakatika ghafla na ule upande wa pili uko safi kabisa.

Hatua ya 4: picha iliyogeuka na kuzama. Mtu anabana sarafu mbili kwenye jiliwa, moja inaacha alama kwa mwenzake, maandishi kinyumenyume. Tafuta mabaki ya picha ya asili chini yake, ukiyaona ni ya jiliwa.

Hatua ya 5: sumaku. Hamsini ya kifaru na mia ya swala ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, zinanata. Mia tano ya 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, inanata pia. Mia mbili ya simba hainati. Ikienda kinyume na hapo ndio uanze kuuliza maswali.

MASWALI YA WADAU

*Mdau wa Kondoa: Mkuu mimi nina mia nyeupe pe, haina njano kabisa, vipi?*
Angalia kwenye kona za herufi na chini ya miguu ya swala, ukikuta njano imejificha humo basi mpako umeliwa na asidi au moto. Na kama uso una vishimo vishimo na kutu, ni hivyohivyo. Zisizopakwa kiwandani zinaweza kutokea ila uso wake unakuwa laini na herufi kali.

*Mdau wa Manyoni: Shikamoo mwalimu. Babu aliacha heller 20 ya 1916, maandishi upande mmoja yamefifia na imekaa kama imepinda. Ni kosa?*
Marahaba. Hizo heller ni senti za enzi za Mjerumani, zilitengenezwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwenye karakana ya reli, baada ya Waingereza kuziba bahari na Wajerumani kukosa hela kutoka kwao. Ndiyo maana zina herufi T. Ziligongwa kwa haraka, kwa hiyo kufifia ni kawaida yake na hakuongezi bei, ila itunze vizuri sana hiyo ni historia yetu. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo nazo zilitoka hukohuko Tabora, dhahabu yake ya mgodi wa Sekenke, hapo jirani zako Iramba.

*Mdau wa Dodoma mjini: Yangu ni shilingi ya mwenge, imetanuka imekuwa pana kuliko zingine.*
Iweke juu ya nzima, pima kichwa cha Mwalimu Nyerere. Kichwa kikiwa saizi ileile na kilichozidi ni madini matupu pembeni, iligongwa bila pete na hiyo ni kosa la kweli. Kama na uso umevutika ukawa kama yai, watoto waliilaza kwenye reli. Piga picha pande zote mbili na ubavu wake, mwanga uwe wa pembeni, tuione.