Kabla ya Kwenda Kupima Aota ya Tumbo

Baba alipoandikiwa altrasaundi (kipimo cha picha kinachotumia mawimbi ya sauti) ya aota, tulibeba kadi na pesa tukadhani tumejiandaa. Tukarudi na karatasi iliyosema "aota imetanuka kidogo", bila sentimita hata moja. Ikabidi tufunge safari ya pili. Kwa hiyo la kwanza ni hili: usitoke mpaka upana umeandikwa kwa namba.

Aota ndiyo ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kubwa kuliko zote mwilini. Ikishapita kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, inashuka mbele ya uti wa mgongo, inatoa matawi ya ini, utumbo na figo, halafu karibu na usawa wa kitovu inagawanyika kuelekea miguuni. Kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita 2. Ikifika 3 huhesabiwa imevimba, na mara nyingi ni pale chini ya ateri za figo. Huo si uvimbe wa saratani. Ni ukuta wa mshipa wenyewe umelegea, na kila pigo la moyo linausukuma nje. Upasuaji kwa kawaida huzungumziwa ikifika 5.5 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, au ikikua haraka. Ndiyo maana karatasi ya zamani nayo ibebwe: 4.2 iliyokuwa 4.1 mwaka jana si sawa na 4.2 iliyokuwa 3.4.

Usiku wa kuamkia kipimo, ale mapema na chakula chepesi. Wengi huambiwa wakae bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8, kwa kuwa gesi ya tumboni huzuia mawimbi ya sauti. Maharage na soda viachwe. Dawa ya presha isikatishwe, funda la maji la kuimezea kwa kawaida halina shida. Anayechoma insulini aulize kwanza, na aombe zamu ya asubuhi.

Ulizeni pia nyumbani kama kuna mzazi, kaka au dada aliyewahi kuvimba mshipa huu au kufa ghafla baada ya maumivu ya tumbo au mgongo. Na sigara isemwe, hata kama aliacha zamani, maana hakuna kinachochangia ugonjwa huu kuliko tumbaku. Wazee wetu wengi hawataji sigara mbele ya watoto wao. Toka nje kidogo, mwache na daktari. Ataje pia kama nyama za mapaja au makalio humkaza akitembea na kupoa akipumzika, maana aota inaweza pia kuziba. Akiandikiwa sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) kwa ajili ya taifodi au maambukizi ya mkojo, amwambie daktari kuhusu aota yake: tangu 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani imetahadharisha kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuuchana mshipa.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho la baridi, kuzimia: hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Albert Einstein alifariki mwaka 1955 baada ya aota yake ya tumbo kupasuka. Kwa hiyo mjue mapema hospitali gani ina daktari wa upasuaji usiku, na gari la nani litawaka saa nane za usiku.