Adui na Roketi ya Wizi: Kuchora Katuni ya Kurasa 16 Ukiwa Malindi

Anza na sayansi, adui atafuata. Katuni nyingi za aina hii huharibikia hapa: mchoraji anampa adui koti refu, kicheko na mashine ya vitufe mia, halafu ukurasa wa mwisho mashine inalipuka na hakuna anayejua kwa nini. Chagua kitu kimoja kinachofanya kazi kweli, uandike sentensi tatu: kinafanya nini, kinahitaji nini, hakiwezi nini. Hiyo ya tatu ndiyo itakayomwangusha adui.

Mtu wa Malindi hana haja ya kuazima sayansi ya mbali. Baharini Ngomeni yako majukwaa ya chuma ya Waitaliano, San Marco la kurushia roketi na Santa Rita la kuongozea. Setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 hadi 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapata jina lake hapo. Roketi zenyewe zilikuwa Scout, za hatua nne (vipande vinavyowaka na kuachwa kimoja baada ya kingine), zenye fueli ngumu, yaani yabisi, si ya majimaji. Sentensi zako zimeshapatikana. Roketi inapeleka setilaiti kwenye mzingo, njia yake ya kuizunguka dunia. Inahitaji kuelekezwa mashariki, kwa kuwa karibu na ikweta dunia inazunguka kuelekea huko kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na kasi hiyo roketi inaipata bure. Na ikishawaka haizimiki: fueli ngumu haina koki ya kufunga.

Sasa mlete adui. Ameiba daftari la hesabu la Kadzo, binti wa Ngomeni ambaye ndiye steringi wetu. Daftari lina majibu, halina sababu, kwa sababu kila mtu jukwaani alizijua na hakuna aliyeona haja ya kuziandika. Adui anaona boti za doria upande wa mashariki, anaigeuza roketi magharibi. Kasi ya dunia iliyokuwa inamsaidia sasa inampinga, na vipande vya hatua ya kwanza ambavyo vingezama Bahari Hindi vitashukia mashamba ya Magarini. Usimfanye mjinga. Mfanye mwenye haraka, anaogopesha zaidi.

Yote haya msomaji awe ameshayaona kabla hayajahitajika. Ukiyaeleza ukurasa wa 14 ndani ya kiputo kimoja kikubwa cha maneno, umekwisha. Ukurasa wa 3, mtoto aliyekaa kwenye tuktuk inayokwenda anarusha maembe mawili: la mbele linafika mbali, la nyuma linaanguka karibu. Hakuna neno hata moja. Ukurasa wa 5, fataki ya Idi imewashwa, mtu anajaribu kuipuliza izime, nayo inaendelea. Basi roketi itakapokuwa tayari, msomaji mwenyewe atajua kwamba Kadzo lazima afike kabla ya moto.

Chora kwenye A4, katuni itapunguzwa hadi A5 (asilimia 71). Acha milimita 15 pembeni pande zote na 6 kati ya fremu. Safu mbili kwa mistari mitatu zinakupa fremu sita za milimita 87 kwa 85. Safu tatu ziepuke, na sababu ni lugha yetu yenyewe. Herufi ya milimita 5 kwenda juu inakula kama 4 kwa upana. "Nitawaangamizeni" ina herufi 16, yaani milimita 64, na fremu ya safu tatu ina 56 tu. Neno moja limeshatoka nje ya fremu, na adui hajasema kitu bado! Usilikate katikati. Badili sentensi: "Mtakwisha nyote" inakaa mistari miwili bila taabu. Andika maneno kwanza kwa penseli, ndipo uchore kiputo kuyazunguka, na watu mwisho.

Nahodha mzee wa Lamu anayempeleka Kadzo jukwaani mwachie Kiamu chake, ila neno moja au mawili kwa kiputo. "Ndoo, mwanangu, ndia ni hii." Kwake "ndoo" ni njoo na "ndia" ni njia, lakini msomaji wa bara ataona ndoo ya maji, kwa hiyo mchore mzee akimwita kwa mkono.

Pwani ina makosa yake ya kuchora. Jua la Malindi huchomoza baharini na kuzama bara. Ukichora machweo juu ya maji, watoto wa Malindi watakucheka. Mwezi mwandamo huku hulala kama mtumbwi, hausimami kama upinde. Jukwaa limesimama kwa miguu juu ya sakafu ya bahari, halielei, kwa hiyo maji yakipwa miguu huonekana zaidi. Amua saa ya maji kujaa na kupwa, uishike hadi mwisho.

Wino uwe usiochujuka, na karatasi nzito. Nyembamba hujikunja kwa unyevu wa pwani kabla hujamaliza ukurasa. Kivuli fanya kwa mistari au nukta, kwani penseli ikipita kwenye fotokopi hutoka kama uchafu.

Kurasa 16 ni karatasi nne za A4, mbele na nyuma. Kurasa zinazokaa pamoja zikijumlishwa hutoa 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15; 14 na 3, nyuma 4 na 13; 12 na 5, nyuma 6 na 11; 10 na 7, nyuma 8 na 9. Mwambie mwenye mashine ageuze kwa upande mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini. Jambo la kushtua liweke ukurasa wa namba shufwa, kwa kuwa ndio unaofunuliwa. Picha kubwa ya kuvuka kurasa mbili inawezekana 8 na 9 peke yake, na hapo ndipo roketi iwake. Usiku uwe mweusi kushoto na kulia, lakini mkunjo uachie moshi mweupe: wino wa fotokopi hubanduka pale karatasi inapokunjwa.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ifungue wazi, lalaza kitabu juu ya sponji, jalada likiwa juu, piga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, geuza, kisha ikunje miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.