Hesabu zikikubali kila kitu alafu Mungu akasema hapana: unafanyaje?

Wapendwa habarini za huku kwenye baridi. Kumtegemea Mungu pale akili imegoma, hela hakuna na ndugu wote wamezima simu, hiyo kila mtu anaweza, hata mlevi anaomba. Shughuli ipo pale hesabu zimekaa vizuri, kila kitu kinakwambia nenda, alafu Mungu hataki. Hapo mimi nimejikwaa sana, ndo maana naandika, sio kwamba nimefika.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujapiga magoti, angalia kama Mungu hajashasema. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Miaka ya nyuma dalali mmoja aliniletea ekari moja njia ya Kiwira, udongo mweusi, maji yanapita chini kwenye bonde, bei milioni 4 wakati jirani zake walikuwa wanataka zaidi ya hapo. Nikakaa na daftari usiku: parachichi za hass ekari moja unapanda miti kama 70 mpaka 100, mwaka wa 3 unaanza kuona matunda, kikoba kinanipa nusu, nusu nauza ng'ombe. Hesabu ikakubali, nikairudia ikakubali tena. Sasa shamba lilikuwa la marehemu, anayeuza ni shemeji wa mjane, na mjane mwenyewe alikuwa ameenda Chunya kwa mtoto wake. Dalali akasema "hiyo ni ya kifamilia, watamalizana wenyewe".

Basi mimi mtu wa Mungu nikafunga siku 3 kutafuta mapenzi ya Bwana. Siku ya 3 jioni namweleza mama watoto jinsi ninavyosikia amani moyoni, yeye anapepeta mchele wa Kyela pale mlangoni, ungo unaenda unarudi, hata hakuniangalia, akasema tu: "Na mwenyewe mjane anasemaje?"

Nilinyamaza. Maana Mithali 23:10 imeandikwa wazi usiingie katika mashamba ya yatima, na huyo mjane ana watoto 3. Kanisa limefika Rungwe tangu 1891, babu yangu kaimba kwaya, mimi nimekariri Mithali tangu sande skuli, na bado nilikuwa nafunga kuomba juu ya kitu kilichojibiwa kabla sijazaliwa. Kumbe nilikuwa sitafuti mapenzi ya Mungu, nilikuwa natafuta ruhusa. Na ile amani niliyokuwa nasikia? Ilikuwa ni harufu ya hela tu.

Kwa hiyo ukiwa na jambo, chukua karatasi uandike watu wote watakaoguswa nalo, alafu jiulize kuna mtu hapo anadanganywa, anaibiwa au anafichwa? Mke hajui mkopo? Risiti ina bei mbili? Kama yupo, funga daftari, hakuna cha kuombea hapo, kula ushibe ukalale.

Sasa yale ambayo Biblia haijayataja moja kwa moja, nihamie Mbarali au nibaki, nichukue kazi hii au ile, hapo akili inatumika, tena vizuri. Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anaongelea mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Ukitaka mbegu ya viazi nenda TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo, ukaulize, usikae kungojea ndoto. Ukiumwa nenda hospitali umeze dawa, na mtu akikwambia tupa vidonge vya presha au ARV ndo uonyeshe imani, huyo mkimbie, hayo sio mapenzi ya Mungu hata kidogo.

Tatizo sio kuhesabu, tatizo ni kumaliza hesabu alafu ndo unamletea Mungu apige muhuri. Soma Yoshua 9. Wagibeoni walikuja wakijidai wametoka nchi ya mbali, mikate imeota ukungu, viatu vya viraka, viriba vimechanika na kushonwa, wakuu wa Israeli wakakagua ushahidi na ushahidi ulikuwa mzuri tu, wakala kiapo, ila shauri kwa Bwana hawakuuliza. Siku 3 baadaye wanagundua kumbe ni majirani, na kiapo hakirudi. Kwa hiyo uliza kabla ya advansi. Hela ikishatoka mkononi masikio yanaziba, wewe mwenyewe unajua.

Mshirikishe mtu ambaye hafaidiki na jibu lako. Sio dalali, sio anayekudai. Mzee wa kanisa mwenye msimamo, au huyo huyo mwenzio anayepepeta mchele. Na kama mtumishi anataka sadaka ya mbegu kwanza ndo akupe neno la Bwana, mi naonaga hapo umebadilisha dalali tu.

Kusubiri nako kunauma. Mfalme Sauli alisubiri siku zote 7 alizoambiwa na nabii Samweli amngoje, watu wanamtoroka, Wafilisti wamejaa Mikmashi, kwa akili ya kawaida alikuwa sahihi kutoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu Samweli huyo anatokea, anamwambia umefanya upumbavu (1 Samweli 13). Mtu akikwambia "leo hii au nampa mwingine", mwambie ampe huyo mwingine.

Alafu usingoje Mungu akulipe ndo uamini ulifanya vizuri, maana hapo umerudi kule kule kwenye daftari. Mimi lile shamba nililiacha, akanunua mtu mwingine. Nakiri mbele zenu kwamba nilingojea apate kesi. Nikangoja mwaka, miwili, hakuna kesi, miti imestawi, anavuna na gari linakuja mpaka shambani. Mjane alirudi akakuta imeshakwisha, siku hizi anauza ndizi pale barabarani. Na mimi sijapata shamba lingine la bei ile mpaka leo. Mungu hajanieleza, na nimeacha kumuuliza kwa hasira, ingawa nikipita na daladala kwenda Tukuyu bado shingo inageuka yenyewe.

Juzi yule jamaa aliyenunua shamba kanipigia, anataka nimtafutie vibarua wa kuchuma. Nilikaa na simu mkononi kama dakika mbili hivi nikiangalia ukuta. Nikamtafutia wanne, na mmoja ni mtoto mkubwa wa yule mjane, nikamwambia jamaa huyu umlipe siku hiyo hiyo.