SOMO: Matembezi mepesi ya siku moja milima ya Usambara – njia, hesabu ya muda na saa ya kugeuka

Wadau, swali la "niende wapi Lushoto na itachukua saa ngapi" linarudi humu kila mara na majibu ni yale yale. Nayaweka yote hapa, atakayeuliza tena ataelekezwa kwenye uzi huu. Somo ni la mtu wa kawaida, mwenye watoto wa shule au wazazi, anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

1. Chagua njia

Irente: karibu kilomita 6 kutoka Lushoto mjini, barabara ya vumbi inayopanda taratibu. Mwisho ni ukingo wa mwamba, chini yako Mazinde na mashamba ya mkonge. Kama hujawahi kutembea milimani, anza na hii.

Magamba: Hifadhi ya Mazingira Asilia, juu ya Lushoto. Msitu mnene, baridi, mbega weupe kwa weusi. Chagua kipande kifupi, usivuke msitu mzima siku ya kwanza.

Amani: Usambara Mashariki, unaingilia Muheza. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu uliopewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Iko chini kuliko Lushoto, kwa hiyo kuna joto na unyevu zaidi. Usiichanganye na Lushoto kwenye siku moja. Katikati kuna bonde la Lwengera.

2. Chagua msimu

Juni hadi Septemba, au Januari na Februari.

3. Kibali

Magamba na Amani ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Unalipia kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na risiti unatembea nayo. Uliza viwango ofisini kwao kabla ya safari, maana hubadilika. Humo msituni chukua mwongoza watalii. Irente kwa barabara kubwa hutapotea, ila ukitaka njia za mkato za mashambani, mchukue pia.

4. Piga hesabu ya muda

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Kanuni ya msingi ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani dakika 12 kwa kilomita, na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Hiyo ni kasi ya mtu mzima mwenye mazoezi asiyesimama. Ukiwa na watoto au wazee, weka dakika 15 kwa kilomita.

Kosa kubwa liko kwenye neno "kupanda". Watu wanachukua kimo cha mwisho, wanatoa kimo cha mwanzo, wanadhani wamemaliza. Usambara ni migongo na mabonde. Njia inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena. Chukua mfano wa njia ya kilomita 6 inayoanzia mita 1,400, inashuka kijito mita 1,250, inapanda mgongo mita 1,500, inashuka mita 1,380, inaishia mita 1,450. Mwanzo na mwisho vinatofautiana mita 50 tu. Lakini miguu imepanda 250, kisha 70, jumla 320. Na kurudi unapanda 120, kisha 150, jumla 270. Aliyehesabu mita 50 za kwenda na sifuri za kurudi ana upungufu wa karibu saa nzima kwenye ratiba yake, bado hajapumzika hata mara moja.

Kwa kundi lenye watoto, njia hiyo inatoka hivi. Kwenda: dakika 90 za umbali na 32 za kupanda, jumla 122, ongeza 20 za mapumziko, unapata kama saa 2 na dakika 20. Kurudi: 90 na 27, jumla 117, ongeza theluthi kwa sababu ya uchovu, unapata kama saa 2 na dakika 40. Ndiyo, kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda.

Tahadhari tatu:
- Mteremko mkali hauokoi muda. Kwa kila mita 300 za kushuka kwa ukali, ongeza dakika 10. Magoti ndiyo yanayolipa.
- Udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Mvua ikianza, hesabu yote ya kushuka iongeze nusu.
- Simu ikisema "kilomita 2 kufika", angalia kama inapima njia au mstari ulionyooka. Kilomita 2 za mstari kuvuka bonde zinaweza kuwa kilomita 5 za kutembea.

Vimo unavipata kwenye ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500. Kontua zikibanana, mwinuko ni mkali. Zikiachana, umepata njia nyepesi.

5. Weka saa ya kugeuka

Lushoto jua linazama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 12 na dakika 50 jioni kutegemea mwezi, na giza linakamilika ndani ya nusu saa. Chini ya miti mikubwa giza linatangulia. Panga uwe umetoka msituni saa 11 jioni. Toa muda wa kurudi: kwa mfano wetu, mwisho wa kugeuka ni saa 8 na dakika 20 mchana. Saa hiyo ikifika mnageuka, hata kama kilele mnakiona.

6. Mkoba

Maji nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea, koti la mvua, sweta, tochi, chakula, chaji ya akiba.

7. Njiani

Salimia watu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au shamba lake. Vichaka vya matambiko usiingie bila mzee wa hapo. Usichume kitu hifadhini.

Maswali yaje.

---

Kipepeo_Tanga: Mkuu Irente ni kilomita ngapi kutoka mjini?

Mtoa somo: Hatua ya 1.

Bwana Haraka: Mimi natoka Mombo na basi la mchana, nafika Lushoto kama saa 9. Nikiunganisha Magamba siku hiyo hiyo si inawezekana? Mimi natembea haraka.

Mtoa somo: Haiwezekani. Soma hatua ya 5.

Bwana Haraka: Unakatisha watu tamaa. Wengine tuna mazoezi.

Mtoa somo: Nimeweka namba zote hapo juu, zipige kwa kasi yako mwenyewe. Mazoezi hayasogezi machweo. Lala mjini, anza saa 1 asubuhi, utaifurahia zaidi.

Mama Neema: Ndala zinafaa Irente? Ni barabara tu.

Mtoa somo: Hapana, mama. Kushuka kwenye kokoto ndala inageuka chini ya mguu. Raba yenye meno inatosha, si lazima buti.

Mwanafunzi_Jio: Asante kwa somo. Naomba kuuliza: kwa nini ukiwa Irente upande wa nyika ni mkavu, lakini Magamba kila asubuhi ukungu? Ni hapo hapo tu.

Mtoa somo: Swali zuri. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, ukigonga milima unalazimika kupanda. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unageuka ukungu na mvua, na msitu unaunyonya. Ukivuka mgongo kwenda magharibi, hewa ile inashuka ikiwa imeshamwaga maji yake, inapata joto, ndiyo maana nyika ya chini ni kavu. Pale Irente umesimama kwenye mpaka wenyewe. Ukikuta ukungu umeziba, usiondoke haraka. Mara nyingi jua likipanda unainuka. Usogelee ukingo tu pale unapoona mwamba wote ulipoishia.

Mwanafunzi_Jio: Na nitajuaje kama niko msitu wa asili au wa kupandwa?

Mtoa somo: Angalia mistari na umri. Misonobari ya kupandwa, kama ya Shume, imepangwa safu, unene unalingana, chini majani makavu tu. Msitu wa asili una tabaka: miti mirefu, ya kati, vichaka, mizabibu mwitu, kangaga, kuvu juu ya magogo. Magamba muulize mwongozaji akuonyeshe mti wa mkulo. Okota jani lililoanguka, lifikiche unuse: harufu ya kafuri, na upande wa chini jani ni jeupe. Amani tafuta miamba yenye kivuli karibu na vijito, hapo ndipo huota Saintpaulia, ua la zambarau lililokusanywa Usambara mwaka 1892 na afisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire. Sasa liko madirishani dunia nzima. Piga picha, usiling'oe.

Mzee wa Soni: Umesahau historia ya wenyeji. Vuga je?

Mtoa somo: Sahihi mzee, inastahili kuongezwa. Vuga, upande wa Soni, ndiyo yalikuwa makao ya Simba Mwene, wafalme wa Washambaa, ukoo unaojihesabu kutoka kwa Mbegha. Anayetaka kwenda aanzie ofisi ya kijiji, asiingie kwenye makaburi ya wafalme kiholela. Na ukiwa Irente, itazame Mazinde kwa jicho hilo. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao kule bondeni kwa sababu njia ya misafara ilipita pale, na biashara ilimpa bunduki. Nguvu ikahama kutoka mlimani kwenda chini. Kutoka ukingoni unaiona ramani yote.

Mzee wa Soni: Hapo umenena. Nyongeza kwa wageni: baada ya mvua angalieni siafu njiani. Suruali ndani ya soksi, na mkikuta mstari wao mruke, msisimame kuutazama.

Kipepeo_Tanga: Na upupu?

Mzee wa Soni: Usisugue wala usimwage maji kwanza, utausambaza. Bandika gundi ya karatasi au tope zito, liache likauke, vua nalo vile vinyoya. Kisha ndiyo uoshe kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Mama Neema: Simu yangu inaisha chaji ikiwa inatafuta mtandao msituni.

Mtoa somo: Pakua ramani ukiwa mjini, kisha weka hali ya ndege na uache GPS ikiwa imewashwa, setelaiti hazihitaji bando. Chini ya miti minene alama yako itarukaruka makumi ya mita, kwa hiyo isubiri itulie kabla ya kuamua njia panda. Na simu ikae mfuko wa ndani, baridi hupunguza nguvu ya betri.