Mbuzi Aliyekata Kamba: Mkamate Taratibu, Mchinje Haraka

Watoto wakikaribia kutoka jandoni, kila mzazi huanza kuhesabu mbuzi wake, na hapo ndipo wale waliopotea hukumbukwa. "Bwana mifugo, kule bondeni kuna mbuzi watatu tangu masika. Hawana mwenyewe, wameshakuwa wa porini. Tukiwapiga gobore kuna ubaya?" Swali hili nimeulizwa Newala, nikaulizwa Nachingwea, na sina shaka Liwale nako wanalo. Jibu langu huanza na maneno ambayo muulizaji hayapendi: huku kusini hakuna mbuzi wa porini. Kuna mbuzi aliyekata kamba.

Zipo nchi ambako mbuzi wa porini ni jambo la kweli. Australia na New Zealand wako maelfu kwa maelfu, wazao wa mbuzi walioletwa na wageni kwa meli, na watu huwawinda kwa bunduki kwa ajili ya chakula na kwa kuinusuru mimea. Kwenye kisiwa cha Pinta, katika visiwa vya Galápagos, mbuzi watatu tu walioachwa na wavuvi mwaka 1959 walizaliana hadi wakafika makumi ya maelfu na kukwangua kisiwa. Kwetu hawafiki huko. Chui, fisi na chatu hawampi mbuzi asiye na mchungaji nafasi ya kuzeeka, na wakimkosa wao, binadamu hamkosi. Kwa hiyo mbuzi unayemwona kichakani leo ana mwenyewe, au mama yake alikuwa na mwenyewe.

Anza basi na mwenyewe. Angalia alama ya sikio, uliza vitongoji vya jirani, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, uandikiwe. Sheria ndogo za vijiji hazifanani juu ya mifugo inayozurura, kwa hiyo mtendaji akusomee za kwenu. Sheria ya makosa ya jinai nayo imeutenga wizi wa mifugo, mbuzi wakiwemo, na kuupa adhabu nzito kuliko wizi wa kawaida. Mwenyewe akipatikana, mara nyingi mnamalizana kwa paja moja au kwa ujira wa kumkamata. Nimeona ndugu wawili wakiacha kusalimiana miaka minne kwa sababu ya beberu mmoja aliyechinjwa "hana mwenyewe."

Na kama unachokiona usiku ni macho mawili yanayong'aa kwenye tochi, rudi nyumbani. Vichaka vya Mtwara na Lindi vina paa, funo na pongo, na hao wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwawinda bila kibali ni kosa hata kama ulidhani ni mbuzi.

Nyama huharibika kabla ya kisu

Sasa tuseme mwenyewe amekubali, au mbuzi ni wako mwenyewe. Njia tuliyoizoea ni ipi? Vijana kumi, mbwa sita, mayowe kuanzia asubuhi hadi jua la utosi. Mbuzi anakimbizwa mpaka anaanguka, anachinjwa palepale akiwa anahema, halafu jioni watu wanalalamika kwamba nyama ni nyeusi, ngumu, inanata mkononi na imeanza kunuka kabla ya maghribi. Lawama wanapewa mpishi au mbuzi mzee. Hawakukosea wote wawili. Mbio ndizo zilizoiharibu.

Misuli ya mnyama aliyetulia huwa na akiba ya sukari. Akishachinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi polepole, na asidi ndiyo inayoifanya nyama iwe na rangi nzuri, ilainike na kukawia kuoza. Wataalamu huipima kwa kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapozidi: nyama ya mnyama hai iko karibu na 7, na ya aliyechinjwa vizuri hushuka hadi 5.5 au 5.7 kabla ya kesho yake. Mbuzi aliyekimbizwa nusu siku ameichoma akiba yote njiani. Pima nyama yake kesho yake, utaikuta bado iko juu ya 6, na hapo ndipo bakteria wanapostawi. Mbuzi kwa asili yake ni mwoga, hivyo akiba yake huisha upesi. Sasa weka juu yake joto letu la pwani, nyuzi 30 mchana, na hakuna friji. Ndiyo maana nasema mnyama anakamatwa taratibu na kuchinjwa haraka. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Kumkamata taratibu si kazi ya siku moja, na hilo ndilo linalowashinda watu. Kiangazi ndicho msimu wake, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba, hasa juu kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida. Chagua sehemu anapopita. Weka maji kwenye ndoo iliyokatwa, tupa chumvi kidogo na makapi ya mahindi au majani ya muhogo yaliyonyaushwa vizuri, maana muhogo mchungu mbichi una sumu. Usimkamate siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya nne jenga uzio wa miti wenye mlango mmoja, maji yabaki ndani. Ukiwa na mbuzi mpole wa nyumbani, mfunge humo, sauti yake itafanya kazi kuliko mbwa sita. Mbuzi hawezi kukaa peke yake akisikia wenzake. Huko Galápagos waliitumia tabia hiyohiyo: waliwavisha baadhi ya mbuzi vifaa vya redio shingoni, wakawaachia, nao wakawapeleka hadi kwa wenzao waliojificha.

Matanzi ya waya siyashauri hata kidogo. Yanakata mguu, yanamweka mnyama usiku kucha kwenye maumivu, na hayachagui: kesho yake unakuta mbwa wa jirani, au funo wa serikali.

Na bunduki? Yupo mbuzi asiyekamatika kwa vyovyote, anayekula mpunga wa watu na kupanda magengeni. Hapo kama kuna mtu mwenye silaha iliyosajiliwa na leseni hai, mwenyewe amekubali na uongozi wa kijiji unajua, mambo ni machache ila hayana mjadala. Iwe mchana. Mnyama awe amesimama, ameonyesha ubavu, nyuma yake kuna udongo na si njia wala upeo wa macho. Risasi moja, karibu, nyuma kidogo ya bega la mguu wa mbele. Jike mwenye vitoto haguswi, maana vitoto vitakufa njaa vichakani. Akijeruhiwa, mfuateni mpaka mwisho. Gobore silipendekezi: vipande vyake vya chuma na madini ya risasi hutawanyika ndani ya nyama, na madini hayo ni sumu, hasa kwa mtoto. Kama ndiyo iliyotumika, kateni na kutupa nyama yote iliyozunguka jeraha, kiganja kizima. Kwa Waislamu kuna pia suala la kibudu. Masheikh wanayo hukumu ya mnyama wa kufugwa aliyeasi na asiyekamatika. Ulizeni msikitini kabla ya siku yenyewe, msije mkabishana mbele ya mzoga.

Usiku mmoja wa kumtazama

Mbuzi akishakamatwa, asichinjwe siku hiyo. Mfunge kivulini, mpe maji ya kutosha, mnyime chakula kuanzia jioni. Apumzike hadi alfajiri. Usiku huo una faida mbili: mnyama anatulia asiendelee kuichoma sukari yake, na utumbo unapungua, hivyo hautapasuka kirahisi. Ya tatu, ambayo mimi naithamini zaidi, unapata muda wa kumtazama.

Tazama pua, macho na mdomo. Sotoka ya mbuzi na kondoo huanza na homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuharisha. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka 2008 upande wa kaskazini, na haukukawia kushuka Tandahimba na Newala pamoja na mbuzi walionunuliwa Dar es Salaam. Haumwambukizi binadamu, lakini mbuzi mmoja wa kichakani akiletwa zizini kabla ya kutazamwa anaweza kuwamaliza wote. Kwa hiyo mfunge mbali na zizi, ndoo yake iwe ya kwake. Anayehema kwa shida na kukohoa, huenda ana homa ya mapafu. Jike aliyetupa mimba hivi karibuni, shika kwa glavu au mwite bwana mifugo, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba humpata mtu na kumsumbua miezi mingi.

Mnyama aliyekutwa amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, asiguswe na asipasuliwe. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ukimpasua, vimelea hubaki kwenye udongo miaka mingi. Mfunike, zuieni mbwa, piga simu kwa afisa mifugo wa kata.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo halimo kwenye vitabu vya Bara: salfa. Kuanzia Mei au Juni mikorosho inapulizwa salfa, unga wa kuzuia ukungu, na dawa za maji, na mbuzi wanaozurura hulala chini ya mikorosho hiyohiyo. Muulize mwenye shamba alipuliza nini na lini, kisha soma kibandiko cha dawa. Ukiwa na shaka, mtunze mbuzi wiki kadhaa kwanza kwa majani safi. Vivyo hivyo kama umempa dawa ya minyoo au sindano mwenyewe: antibiotiki ya oksitetrasaikilini ya nguvu ya asilimia 20 mara nyingi hudai siku 28 kabla nyama yake kuliwa. Na msimu wa mabibo, Oktoba hadi Desemba, mbuzi aliyejaza tumbo mabibo huvimba na kulegea. Asichinjwe kwa haraka ya "asitufie," kwani huwezi kujua kama ni mabibo au ni maradhi.

Umri uko mdomoni. Asiye na jino la kudumu hajafika mwaka. Mawili ni mwaka na kidogo, manne karibu miaka 2, sita miaka 3, na kinywa kilichojaa manane ni miaka 4 na kuendelea. Wa meno mawili au manne ndiye wa pilau. Jike pima tumbo vizuri: mimba ya mbuzi ni miezi 5, na kumchinja mwenye mimba ni kula mtaji.

Kisu

Alfajiri, kabla ya nzi. Kisu kiwe kirefu na kikali hadi kinyoe nywele za mkono. Kinoe mbali, mnyama asikione. Mlaze taratibu, kibla kwa wanaofuata, mkato mmoja unaopita koo, umio na mishipa yote miwili mikubwa. Usimvunje shingo wala kuanza kuchuna kabla hajatulia kabisa. Mning'inize kwa miguu ya nyuma damu imalizike.

Tabia moja naomba iachwe: kupuliza kwa mdomo kupitia tundu la mguuni ili ngozi iachie. Pumzi yako, pamoja na kifua kikuu kama unacho, inaingia kwenye nyama ya wageni wa jando. Ngozi hutoka vizuri kwa ngumi. Mkono mmoja ushike manyoya, mwingine ushike nyama, na isibadilishwe, hasa kwa beberu. Harufu yake iko kwenye ngozi na tezi za nyuma ya pembe. Ikigusa nyama haioshwi.

Funga umio kwa kamba, zungushia kisu njia ya haja kubwa nayo uifunge, kisha pasua tumbo makali yakitazama nje. Matumbo yatoke ndani ya nusu saa. Ini likiwa na malengelenge ya maji au minyoo bapa, mapafu yakiwa na uvimbe, weka kando na umwite mkaguzi. Usimtupie mbwa malengelenge hayo. Ndani yake mna minyoo inayokomaa tumboni mwa mbwa na kurudi kwa watoto wako. Chimba shimo la mita moja, choma, fukia. Kama nyama itauzwa, hata kilo moja, lazima ikaguliwe.

Mbuzi wetu wa kienyeji wa kilo 25 akiwa hai hutoa takribani kilo 11 za nyama na mifupa. Usizioshe kwa maji ya bwawa. Futa kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Tundika kivulini penye upepo, funika na chandarua kisichotiwa dawa. Ini, moyo na figo huliwa asubuhi hiyo. Nyama ya mwanzo iingie jikoni ndani ya muda wa saa nne tangu kuchinjwa. Inayobaki kata vipande vyembamba kama kidole, paka gramu 30 hadi 40 za chumvi kwa kilo, anika juu ya moshi wa mti usio na utomvu. Na ngozi ikipakwa chumvi ya kutosha upande wa nyama, wapiga ngoma wataifuata wenyewe.

Ukiangukia beberu wa miaka sita, ikwangulie nyama yake papai bichi saa moja tu, isizidi, itavurugika. Ichemke hadi mfupa uachie, tui la kwanza liingie mwisho. Ugali wa makopa uwe tayari.